Ndege Isiyo ya Kuchomwa

Shemeji yangu Holger Yagual hutengeneza vitu vya kuchomwa moto. Usishtuke. Hapa Guayaquil mwaka hauishi mpaka uchomwe, na ili uuchome lazima uwe na sanamu yake: jitu la fremu ya mbao na karatasi, limepakwa rangi, lina uso wa mtu uliyemchoka. Ikifika saa sita usiku wa mwisho wa Desemba, mtaa mzima unawaka. Holger ni fundi wa sanamu hizo, na mimi, Targelia, dada mkubwa wa mke wake, nauza kahawa na bolón, madonge ya ndizi mbichi na jibini, kwenye meza iliyobanana na mlango wa karakana yake. Kwa hiyo nayajua mambo yake kuliko anavyopenda.

Ni mtu wa mzaha, na mzaha wake mkubwa ni kazi yake. "Shemeji," huniambia, "nionyeshe fundi mwingine mjini ambaye hajawahi kurudishiwa kazi. Wateja wangu hawalalamiki. Ushahidi umeungua." Na mkono wake ni mwepesi, sikatai. Mpe vijiti, magazeti ya zamani na sufuria ya gundi ya unga, na kabla kahawa yako haijapoa ameshakutolea bega na nusu ya kichwa. Kuanzia Oktoba halali. Januari hulala kama chatu aliyemeza mbuzi, na hapo hata mimi humwonea huruma nikampelekea supu ya samaki.

Mambo yalianza katika Januari moja ya kulala namna hiyo. Génesis, binti yao, alikuwa amepata mchumba wa Cuenca, kijana mpole wa kule milimani, na wazazi wa kijana wakateremka kuja kutujua. Baba mtu anaitwa Rigoberto Pesántez, seremala wa samani, mtu wa maneno machache na viatu vilivyong'arishwa. Alimletea Narcisa, mdogo wangu, kisanduku alichokitengeneza mwenyewe, hakina msumari hata mmoja, na kifuniko chake kinafunga taratibu kama kinashusha pumzi. Tulikipitisha mkono kwa mkono. Narcisa alikifungua na kukifunga, akakifungua na kukifunga, mpaka nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Basi Rigoberto akageuka, bila ubaya wowote, akamuuliza mwenzake: "Na wewe mkwe, kazi zako ziko wapi tuzione?"

Holger akacheka. Akampeleka mlangoni, akanyoosha kidole barabarani. Kwenye lami palikuwa na madoa meusi, makubwa, mvua ya jana yake ilikuwa imeyaosha kidogo tu.

"Lile la kushoto," akasema, "lilikuwa dume la ng'ombe limevaa koti la daktari. Lilikuwa refu kuliko mlango huu."

Rigoberto alilitazama lile doa kwa heshima zote, vile mtu anavyotazama mtoto wa mwenzake akitafuta la kusifia.

"Limeungua vizuri," akasema.

Tukarudi mezani. Tulikula, tulicheka, wali na kaa vilikwisha, lakini Holger hakufanya mzaha mwingine siku ile. Mimi nilidhani ni tumbo. Kesho yake asubuhi akaja kwenye meza yangu, akaagiza bolón, akaikata vipande na asile.

"Shemeji," akasema, "nikifa kesho, mtu akiuliza Holger alifanya nini hapa duniani, mtamwonyesha lami?"

"Nitamwonyesha deni la kahawa," nikamwambia.

Hakucheka. Hapo ndipo nikajua kuna jambo. Mwanamume ambaye kazi zake zote zimekuwa majivu alikuwa ametamani, kwa mara ya kwanza, kimoja kibaki. Na mtu wa umri ule akishika tamaa, kaa mbali naye.

Kitu cha kumbakia alikipata kupitia jino. Lilimvimba Februari, akaenda kwa daktari wa meno, Piedad Iturralde, pale kona. Dakta Piedad ni mwanamke mwenye mikono midogo na sauti ya kuamuru, na juu ya kiti chake cha wagonjwa ametundika ndege. Si mdoli. Ni ndege ya kweli ila ndogo, isiyo na injini, mabawa yake marefu kuliko mtu, inayoongozwa kwa redio kutoka chini na kubebwa na upepo mtupu. Holger alilala pale amepanua kinywa, hana pa kutazama ila tumbo la ile ndege. Mwanga wa dirisha ulipenya kwenye bawa, mbavu zake zote zikaonekana. Jino likang'oka, damu inamtoka, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Imetengenezwa kwa nini ile?"

"Balsa," akajibiwa.

Alikuja kwangu amekasirika, shavu limejaa pamba. Balsa! Mti unaoota Quevedo kama magugu, unaopita kwenye malori kila siku, ambao yeye mwenyewe huutumia kuchongea pua za sanamu. Na watu huko duniani wanaufanya upae, na yeye hajaambiwa.

"Kwani mimi nimejulia wapi mambo hayo hata nikwambie?" nikamuuliza.

"Wewe unajua kila kitu, shemeji, isipokuwa vya maana."

Dakta Piedad akampa mchoro, akamwahidi redio yake ya zamani na vile vimota viwili vidogo vinavyochezesha usukani wa mkia. Alichosahau kumpa ni onyo. Holger aliutazama mchoro mara moja, akaona fremu ya mbao na ngozi ya karatasi, akasema moyoni: hii naijua, hii ni sanamu isiyo na kichwa. Akaijenga kama anavyojenga sanamu. Mbao nene ili isimame. Tabaka tatu za gazeti na gundi ya unga ili isichubuke. Juu ya hapo rangi ya njano, na kwa kuwa mkono una mazoea yake, akaipa macho na meno.

Dakta alipokuja kuiona, aliinyanyua kwa mikono miwili, akairudisha chini polepole.

"Ni nzuri sana, Bwana Holger," akasema. "Ina uzito gani?"

"Uzito wa kitu imara, dakta."

Jumapili tukaipeleka kwenye uwanja wa mpira. Jirani yetu Colón, dereva wa basi aliyestaafu, asiyekosa mahali penye aibu ya mtu, ndiye aliyeomba kuirusha. Alikimbia nayo, akaiachia, ikaenda moja kwa moja chini kama papai bivu. Meno yakabaki kwenye nyasi.

"Imepaa vizuri," Colón akasema. "Ila imepaa kwenda chini."

Watu wakavunjika mbavu. Kisha mmoja akasema, na wala si kwa ubaya, hiyo tuiwekeeni Desemba, ina karatasi ya kutosha, itawaka vizuri. Wote wakaafiki. Hata Holger akacheka, lakini nilikuwa karibu naye na uso ulimshuka. Alifanya kitu kimoja cha kubaki, na mtaa ulikuwa umeshakitafutia kiberiti.

Dakta alimfuata mpaka karakana. Mimi nilikuwa nakoroga kahawa, masikio yangu hayana mlango.

"Wewe unajenga kitu cha kusimama usiku mmoja na kutazamwa kwa mbali," akamwambia. "Hii inataka kubebwa. Kila unachokiweka, jiulize: nikikitoa, nini kitavunjika? Kama hakuna, kitoe."

"Hata rangi?"

"Rangi ndiyo ya kwanza."

"Hata macho?"

"Bwana Holger."

Akaanza upya, na safari hii nilimwona mtu nisiyemjua. Aliingia kwenye ghala la mbao akashinda humo akipima vipande kwa kiganja. Balsa zote ukiziona ni mamoja, nyeupe na laini, lakini kumbe nyingine ni nyepesi kama mkate na nyingine zimekunywa maji ya kutosha kuzama. Nyepesi zikawa za mkia, ngumu zikawa za pua. Alizibonyeza kwa ukucha, akazigonga, akazisikiliza. Halafu akaigundua mizani yangu ya jibini.

"Shemeji, niazime mizani dakika mbili."

"Nina mteja."

"Mteja wako amenenepa, anaweza kusubiri."

Basi kila ubavu wa lile bawa ulipita kwenye mizani yangu, wateja wamepanga foleni na mimi nimeshika kisu cha jibini hewani. Mwingine ulikuwa mwepesi hata mshale haukujisumbua kusogea. Huo aliubusu.

Aliutandaza mchoro juu ya ubao, akaufunika kwa nailoni ili gundi isiushike, akazipanga mbavu juu yake moja moja na kuzibana kwa pini. Mbavu zilikuwa nyembamba, zimekatwa kwa wembe, na kati yake akapitisha mihimili miwili ya msonobari kutoka ncha hadi ncha. Kisha msasa. Loo, msasa ule. Aliusugua ukingo wa mbele wa bawa asubuhi hadi jioni, kwa kuubembeleza, akifumba macho na kupitisha kidole, akisugua tena. Vumbi la balsa ni laini kama unga wa muhogo na linapenda kahawa kuliko linavyopenda sakafu.

"Holger, wateja wanakunywa bawa lako," nikamwambia.

"Wamepata bahati. Watakuwa wepesi."

Narcisa ndiye aliyekuwa akihesabu vitu visivyotengenezwa. Ilishafika Juni, na wenye maduka walianza kuagiza sanamu mapema, naye anawaambia subirini. "Baba Génesis," alimwambia mbele yangu, "mwaka huu tutachoma nini, msasa?" Lakini niliona usiku anavyomwachia taa, na kinyunyizio chake cha maji, kile cha kupigia pasi, kilihamia karakana wala hakukidai.

Maana kazi ya kuivisha ndege ngozi ilikuwa imefika. Dakta alitaka avishe kwa utando wa plastiki, ule unaobandikwa kwa pasi ya moto ukajikaza wenyewe. Holger akakataa. Karatasi ni kazi yangu, akasema, kwenye karatasi msiniingilie. Akanunua karatasi nyembamba ya tiara, ile ambayo ukiiweka juu ya gazeti unasoma habari zote, akaikata, akaibandika kwenye bawa kwa ukingo tu. Ilikaa imekunjamana kama uso wangu asubuhi. Nikamwambia hapo sasa umeharibu. Akachukua kinyunyizio cha Narcisa, akaipulizia ukungu wa maji mpaka ikalegea kabisa ikawa ya kutia huruma, akakaa kwenye kigoda na kungoja.

Karatasi ikaanza kukauka. Ikaanza kujivuta. Mkunjo mmoja ukatoweka, mwingine ukatoweka, bawa zima likawa limekaza na ukiligonga kwa ukucha linalia. Nilipiga ishara ya msalaba, na mimi si mtu wa kanisani sana.

Kosa lake pekee safari hii lilikuwa haraka. Alivisha upande wa juu, akaufurahia, akalitoa bawa kwenye ubao aende akalionyeshe mtaa. Karatasi iliendelea kujivuta upande mmoja, na kabla hajafika kwa Colón bawa lilikuwa limejisokota. Akarudi nalo. Akaichana ile karatasi yote, akaanza tena, na mara hii akavisha juu na chini, akalibana bawa kwenye ubao kwa mifuko yangu ya sukari mpaka likauke sawasawa. Vanishi nyepesi aliipaka siku zile za ukavu tu, kwa sababu penye unyevu inageuka nyeupe kama maziwa yaliyomwagika. Kila asubuhi alitoka nje akainusa hewa. Na mimi nilitia kahawa yangu sukari ya kuazima kwa jirani.

Ilipokamilika, alisimama katikati ya karakana akaiinua kwa ncha za vidole viwili, kimoja kila upande chini ya bawa, kuona kama imelala sawa. Mkia ukashuka. Akatia chubwi za ndoano, vile vizito vya wavuvi, ndani ya pua, moja baada ya nyingine, mpaka ikalala sawasawa juu ya vidole vyake. Ilikuwa haina rangi. Ilikuwa haina macho. Mwanga ulipita ndani yake na ukaonekana kila kiungo alichokifanya.

"Umesahau rangi, jirani," Colón akasema kutoka mlangoni.

"Rangi ina uzito."

Colón akaingia, akainama kuitazama kwa chini. Sijawahi kumwona akiiacha nafasi ya mzaha ikapita.

Sasa, wewe ungedhani kesho yake aliirusha. Aliitundika darini. Wiki ile upepo ulikuwa mbaya. Iliyofuata alikuwa na sanamu za kuanza. Iliyofuata jino, lile lililong'olewa, lilimuuma. Dakta Piedad alipita, akauliza, akapita tena, akaacha kuuliza. Kila asubuhi Holger alipanda ngazi akaifuta vumbi kwa unyoya wa kuku. Ukimwambia habari ya kuirusha, anakuuliza kama umeshakula.

Mwezi wa Agosti wakwe wakateremka tena, kupanga harusi. Rigoberto aliingia karakana kusalimia, akainua macho, na salamu ikamfia mdomoni. Aliomba ishushwe. Aliipitishia mkono polepole, akakiinamia kiungo cha bawa na kiwiliwili, akavua miwani akaivaa tena.

"Nani alikufundisha hiki kiungo, mkwe?"

"Kukosea," Holger akasema, na masikio yalimwiva kwa furaha.

"Inapaa?"

"Inapaa."

"Umeshaiona ikipaa?"

Holger akatazama huku na huku, akitafuta wa kumuuliza kama ameshakula. Narcisa ndiye aliyejibu, akiwa anakunja nguo mlangoni: "Haijapaa wala haitapaa. Anaogopa."

"Siogopi, mama Génesis."

"Basi Jumapili twende San Pedro," Narcisa akasema. "Tumchukue na dakta. Mkwe naye akaone bahari."

Alikuwa amebanwa mbele ya mkwe, na mwanamume akibanwa mbele ya mkwe hana pa kutokea. Akasema sawa, Jumapili.

Pale San Pedro kuna mteremko mrefu unaosimama kando ya bahari, na upepo ukitoka majini ukaugonga hauna njia ila kupanda juu. Mwari, wale ndege wa baharini wenye mfuko mdomoni, huelea pale mchana kutwa bila kupiga bawa, wavivu kupindukia. Tulifika saa za upepo mzuri. Dakta Piedad alikagua kila kitu, akachezesha usukani wa mkia kwa redio, juu, chini, kushoto, kulia, akaridhika.

"Mimi nitaiongoza, wewe utairusha," akamwambia Holger. "Usiitupe kama jiwe. Iweke kwenye upepo, uisukume kidogo, uiachie."

Holger akasogea ukingoni. Akainua mkono, ndege juu ya kichwa, karatasi inalia kwa upepo. Tukangoja. Mkono ukashuka. Akainua tena. Mwili wote ulikwenda mbele, vidole vikakataa. Akasimama pale jasho linamtiririka, na upepo ule ni wa baridi.

"Jirani," Colón akamwambia, maana bila shaka Colón naye alikuja, "umechoma wabunge, umechoma wacheza mpira, umechoma mpaka katuni za watoto kwa mkono wako mwenyewe na ukacheza muziki. Leo unatetemekea vijiti?"

Holger akageuka. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyaficha.

"Zile nilijua siku yake ya kufa," akasema. "Nilikuwa nazijenga nikijua. Hii siijui siku yake. Nifanyeje?"

Upepo ukavuma. Narcisa akamfuata, akasimama nyuma yake, akamshika mkanda wa suruali kwa mkono mmoja vile unavyomshika mtoto anayechungulia kisima.

"Nimekushika wewe," akamwambia. "Hiyo iachie."

Akaiachia.

Ilizama kidogo, kisha upepo ukaipata chini ya mabawa na ikapanda. Haikufanya kelele yoyote. Ilikwenda juu yetu, ikageuka polepole juu ya maji, jua likapita ndani ya karatasi, na kutoka pale niliposimama niliweza kuziona mbavu zilizopita kwenye mizani yangu. Mwari mmoja akajisogeza pembeni kuipisha. Rigoberto alivua kofia. Holger alikuwa anacheka kwa sauti nisiyoijua, nyembamba, kama ya mtoto, na Narcisa bado amemshika mkanda.

Baadaye dakta akampa redio aishike. Alipaswa kukataa. Iliposafiri kwenda mbele, aliiongoza vizuri, akiinamisha mwili wote kila alipogeuza. Lakini ndege ikirudi kwako ikikutazama, kushoto kwake kumekuwa kulia kwako, na hilo mtu halijui mpaka limkute. Dakta alisema geuza, Holger akageuza upande aliouona yeye. Ikatuvuka vichwani, ikashuka kwa ubavu, ikaingia kwenye kichaka cha mmea wa pwani uitwao muyuyo, nyuma yetu. Tulisikia karatasi inachanika, kisha vijiti viwili vitatu.

Tulikimbia wote, na tulipofika tukasimama mbali kidogo, vile watu wanavyosimama penye msiba. Holger akaingia kichakani, akaitoa polepole, tawi kwa tawi. Mkia ulikuwa mzima, kiwiliwili kizima. Bawa la kulia lilikuwa na tundu la kupitisha kichwa, mbavu zimevunjika ndani yake, vipande vya karatasi vinapepea. Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilidhani atalia, au ataitupa baharini, au ataomba kiberiti na kufanya mzaha wake.

Alitembea nayo mpaka kwenye kibanda cha samaki kando ya barabara, akasogeza sahani za watu wengine, akailaza mezani. Dakta akafungua kisanduku chake cha zana, akaweka pembeni gundi, wembe na vipande vya balsa, akaenda kutuagizia samaki. Holger akaushika wembe. Akauweka chini. Akaushika tena, akaliinamia tundu lile.

Kisha akageuka upande, uso umejaa haya, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Mkwe," akamwambia Rigoberto. "Mimi nimetengeneza vitu maelfu. Kukarabati sijawahi hata kimoja. Unaanzia wapi?"

Rigoberto hakutabasamu. Alivuta kiti akakaa ubavuni mwake, akakunja mikono ya shati, akaweka kidole kwenye ubavu wa kwanza uliobaki mzima.

"Hapa," akasema. "Unaanzia kwenye kizima."